Kwa Nini Alifiche Kopo la Maharagwe?

Jumamosi moja usiku nilimkuta dada mmoja wa Likoni, Mombasa, katika supamaketi kubwa hapa Leicester, Uingereza. Ni mtu wa heshima zake. Kazi yake ni kulea wazee wa watu: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani usiku wa manane, na mshahara ukiingia nusu yake inavuka bahari kwenda kulipa karo ya wanawe na dawa za mamake. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Lakini wakati mdomo wake unaniuliza hali ya mama, mkono wake ulikuwa na shughuli nyingine. Ulikuwa unaivuta kabeji taratibu, unayafunika makopo manne ya maharagwe na pakiti mbili za makaroni zilizokuwa chini ya toroli. Yalikuwa yale ya bei ya chini kabisa, ambayo lebo yake unaitambua kutoka mwisho wa ujia.

Sikusema kitu. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka, wala haimhusu yeye. Inawahusu watu waliokaa kwenye meza ya mkutano, wakachora ile lebo, wakachagua rangi yake, wakijua fika kwamba mwanamke kama yule ataifunika kwa kabeji.

Kwa msomaji aliye nyumbani nieleze kidogo. Supamaketi za Uingereza haziuzi tu bidhaa za viwanda vyenye majina. Sehemu kubwa ya rafu imejaa vitu vyenye jina la duka lenyewe. Kwa kawaida duka halina shamba la nyanya wala tanuri la biskuti. Linaagiza kiwandani, kiwanda kinatengeneza, duka linabandika jina lake. Hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza pale jina hilo moja linapokatwa vipande vitatu. Kuna daraja la chini, pakiti iliyopauka, haina picha ya kumtia mtu hamu. Kuna la kati, lina picha. Kisha kuna la juu, karatasi nyeusi au ya kung'aa kama fedha, maandishi membamba, na hadithi tamu kuhusu kijiji fulani cha Italia. Aina za chakula ni zilezile, maharagwe na makaroni na jibini na majani ya chai. Waliopangwa kwa madaraja ni walaji.

Mchezo huu una tarehe zake. Mwaka 1976 Carrefour ya Ufaransa ilitoa bidhaa 50 katika pakiti nyeupe zisizo na chapa, ikaziita bidhaa huru. Hoja yake ilieleweka: mnunuzi asilipishwe gharama ya matangazo. Weupe ule ulikuwa wa kila mtu, mwalimu na mfagiaji, tajiri na mvuja jasho. Waingereza walipoliokota wazo hilo waliligeuza. Aldi ya Ujerumani ilifungua milango yake hapa mwaka 1990, Lidl ikafuata 1994, na katikati yao, mwaka 1993, supamaketi ya Tesco ikaingiwa na hofu ya kupoteza wateja wa bei rahisi, ikatoa Tesco Value, mistari ya buluu juu ya karatasi nyeupe. Miaka mitano baadaye, 1998, Tesco hiyohiyo ikatoa Finest. Sainsbury's nao wakaja na Taste the Difference mwaka 2000. Tazama mpangilio huo. Walijenga sakafu kwanza, wakaja kujenga dari, na aliyebaki katikati akawa anatazama juu kwa tamaa na chini kwa hofu.

Hiyo hofu ndiyo biashara yenyewe. Jiulize kwa nini pakiti ya chini iwe na sura mbaya. Kuchapa picha ya nyanya kwenye lebo hakuwezi kumfilisi mtu mwenye maelfu ya maduka. Jibu alilitoa mhandisi mmoja wa Ufaransa, Jules Dupuit, mwaka 1849, kabla hata supamaketi hazijaotwa na mtu. Yeye alikuwa anazungumzia reli. Mabehewa ya daraja la tatu ya wakati ule yalikuwa hayana paa, abiria wananyeshewa na kupigwa na jua, na watu walidhani kampuni zinabana matumizi. Dupuit akasema hapana. Paa ni fedha kidogo. Behewa liliachwa wazi ili yule mwenye uwezo wa kulipa daraja la pili asishawishike kupanda la tatu. Maskini aliloweshwa ili mwenye nacho aogope kuloa.

Wazee wetu waliopanda treni ya Mombasa kwenda Nairobi enzi za mkoloni hawahitaji kufundishwa somo hili. Walikaa kwenye yale mabao ya daraja la tatu. Walijua mabao hayakuwekwa kwa sababu nchi ilikosa sponji.

Sasa hamisha hilo behewa ulilete kwenye rafu ya maharagwe. Lebo iliyopauka ni paa lililong'olewa makusudi. Dada wa Likoni ananyeshewa ili mwalimu wa shule, mwenye pauni moja ya ziada, aione ile pakiti, aone haya kwa niaba yake mwenyewe, anyooshe mkono kwenye rafu ya juu yake. Faida iko kwa mwalimu. Maskini ametumiwa kama kinyago cha kuwatishia wengine, na malipo ya kuwa kinyago anayatoa yeye mwenyewe, kwa heshima yake, kila Jumamosi usiku.

Wapo watakaoniambia kwamba hata kwetu kuna madaraja. Ni kweli, na mimi nimekulia ndani yake. Nenda soko la Kongowea asubuhi. Gunia la pishori limefunguliwa mdomo, la sindano limefunguliwa mdomo, na pembeni kuna la mchele uliokatikakatika. Unachota kiganjani, unapuliza, unanusa, unatafuna punje mbili kavu mbele ya mwenye mali. Ukinunua uliokatika unajua umenunua mchele uliokatika, na sababu ya bei yake unaiona kwa macho. Kwenye mnada wa chai, pale pale Mombasa, kuna BP1, kuna PF1, kuna PD, kuna D1, na kila herufi ina maana yake katika ukubwa wa chembe, na mnunuzi anaonja kwa kijiko kabla hajapandisha bei. Daraja la namna hiyo linaeleza kitu kilichomo guniani. Daraja la supamaketi linamweleza aliyeshika toroli.

Majuzi nililaza vipande viwili vya jibini la cheddar kwenye meza yangu ya jikoni, vyote vya duka moja, kimoja cha daraja la chini na kimoja cha kati. Nikavaa miwani. Kila pakiti ya jibini, maziwa au nyama inayouzwa hapa lazima iwe na alama ndogo yenye umbo la yai, na ndani yake herufi za nchi na namba ya mahali ilipotayarishwa. Watu wengi wameishi hapa miaka 20 bila kuitazama. Nilizitazama zote mbili chini ya taa. Namba ilikuwa moja. Vipande vile vilipita mlango mmoja, pengine mikononi mwa mfanyakazi mmoja, kimoja kikavikwa joho na kingine kikavikwa gunia.

Sitamdanganya msomaji. Namba moja haina maana ya mapishi mamoja. Jibini lililokaa miezi mingi lina ladha nyingine, na soseji yenye nyama nyingi si sawa na iliyojazwa makombo ya mkate. Pale tofauti ilipo, iandikwe kwa herufi kubwa na mtu ailipie kwa moyo mweupe. Lakini niambieni tofauti iko wapi kwenye chumvi. Kwenye sukari. Kwenye paracetamol ya miligramu 500, ambayo ni ileile iliyomo ndani ya Panadol tuliyoimeza sote tangu utotoni? Na kwenye dawa sheria haikuona haya: kila boksi, la duka au la chapa kubwa, lazima litaje mwenye leseni na namba ya leseni. Kwa hiyo inawezekana. Serikali ilipotaka tujue nani ameidhinishwa kututengenezea kidonge, tulijua. Kuhusu nani ametupikia supu, tunaachiwa jina la duka na anwani ya makao makuu yake. Bakkavor, kampuni moja tu, imekuwa ikiwapikia Tesco, M&S, Waitrose na Sainsbury's. Ni walaji wangapi wamewahi kulisikia jina hilo?

Kufichwa kwa mpishi kuna hatari yake, na aliyeonja hatari hiyo kwanza ni wa daraja la chini. Januari 2013, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ireland ilitangaza matokeo ya vipimo vyake. Katika baga za ng'ombe za Tesco Everyday Value, mrithi wa ile mistari ya buluu, asilimia 29 ya nyama katika sampuli moja ilikuwa farasi. Zilitoka kiwanda cha Silvercrest huko Monaghan. Katika baga 27 za aina mbalimbali zilizopimwa, 23 zilikutwa na chembe za nguruwe, nyingi zikiwa kidogo sana, lakini zimo, chini ya neno „ng'ombe". Wiki chache baadaye ikaonekana kwamba spageti ya nyama ya Everyday Value ilikuwa na farasi zaidi ya asilimia 60. Nakumbuka wiki ile. Nakumbuka akina mama wa hapa mtaani, Waislamu kwa Wakristo, wakitazama friji zao kama zimeingiliwa na mwizi. Findus nayo, chapa yenye jina lake, ilinaswa na lasanya ya farasi, kwa hiyo aliyelipa zaidi hakusalimika. Ila yule aliyelipa zaidi alikuwa na pa kwenda wiki iliyofuata. Alipanda ngazi. Wa chini angepanda kwa fedha ipi?

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami, maana wanaotetea ngazi hizi wana hoja moja wanayoirudia kama wimbo: bila daraja la chini, maskini angekula nini? Wanatuambia ngazi ni huruma. Basi tuiangalie huruma hiyo ilipopimwa.

Januari 2022 Jack Monroe, mwandishi wa mapishi ya watu wa kipato kidogo, aliandika hadharani bei za supamaketi ya mtaani kwao. Makaroni ya bei ya chini kabisa, gramu 500, mwaka mmoja nyuma yalikuwa peni 29. Sasa ya bei ya chini yaliyokuwepo yalikuwa peni 70. Mchele wa bei ya chini ulikuwa peni 45 kwa kilo nzima. Sasa ulikuwa pauni moja kwa nusu kilo. Ona vizuri kilichotokea. Ile pakiti ya peni 29 haikupanda bei. Iliondoka. Rafu ikajifunga juu ya nafasi yake kama maji, na iliyokuwa ngazi ya pili ikawa ya kwanza. Kelele zilipozidi, Asda iliahidi mwezi uliofuata kwamba bidhaa zake zote za bei ya chini, Smart Price na Farm Stores, zitapatikana katika maduka yake yote 581 na kwenye mtandao. Ahadi hiyo ni ungamo. Kama zitapatikana kote kuanzia sasa, basi kulikuwa na mahali zilikokuwa hazipatikani.

Ofisi ya Takwimu ya Uingereza nayo ikasukumwa kupima. Ilifuatilia vitu 30 vya kila siku, ikichukua kile cha bei ya chini kabisa katika kila aina. Katika mwaka ulioishia Septemba 2022, wastani wa ongezeko ulikuwa asilimia 17. Wachumi wakapumua, wakasema si mbali sana na vyakula vingine. Lakini wastani hauingii sufuriani. Kilichoingia sufuriani ni mafuta ya kupikia, yaliyopanda asilimia 65. Makaroni, asilimia 60. Majani ya chai, asilimia 46. Mkate, 38. Huo ni ugali wa maskini wa nchi hii.

Mwenye daraja la juu bei zikipanda anashuka hadi la kati. Wa kati anashuka hadi la chini. Wa chini anashuka wapi? Anaruka mlo. Hiyo ndiyo maana ya kusimama kwenye ngazi ya mwisho: mshtuko wote uliopokelewa na waliokaa juu unateremka, unakuja kutua kwenye mabega yako, pamoja na wao wenyewe, kwa sababu sasa wanagombea nawe kopo lilelile. Mwaka huohuo wa 2022 Asda ikatoa mstari mpya, Just Essentials, pakiti za manjano kali ambazo kipofu tu ndiye asingeziona, na watu wengi hapa wakasema waziwazi kwamba ile rangi inamtia mtu alama mbele ya foleni. Haikuchukua muda, wateja wakawa wengi kiasi kwamba kampuni ikaweka kikomo: usichukue zaidi ya tatu za kila aina. Mtu mwenye watoto watano, aliyejikusanya akaivumilia manjano ile, akafika na kuambiwa amechukua nyingi mno.

Kisha kuna maduka madogo. Hili linanichoma kuliko yote. Kampuni kubwa zina vijiduka vyake mitaani, karibu na vituo vya basi na chini ya maghorofa, na huko ndiko anakonunua asiye na gari. Mtu mwenye gari anaendesha hadi supamaketi kubwa nje ya mji na kukuta ngazi zote tatu zimepangwa. Asiye na gari anakuta mbili za juu. Mimi mwenyewe, msimu wa baridi uliopita, nilikuwa na mguu mbovu nikashindwa kwenda mbali. Nilichechemea hadi kijiduka cha kampuni moja kubwa kando ya kituo cha basi, nikatafuta nyanya za kopo. Zile za bei ya chini za kampuni hiyohiyo, ambazo ninazijua kama ninavyojua jina langu, hazikuwepo. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anapanga rafu. Alikuwa mpole, hana kosa, akaniambia, „Hizo huwa hazifiki hapa." Nililipa karibu mara mbili kwa nyanya za kampuni ileile. Which?, shirika la kutetea walaji, limekuwa likiyapigia kelele maduka haya madogo kwa jambo hili hili: bidhaa za bei ya chini kabisa huko ni nadra kuonekana. Kwa hiyo huruma tunayosifiwa inahitaji gari. Nani kati ya wenye shida ana gari?

Mwaka 2016 Tesco waligundua njia nyingine. Badala ya kuivua lebo ile aibu, waliivalisha jina la shamba. Nguruwe akawa wa Woodside Farms, kuku wa Willow Farms, ng'ombe wa Boswell Farms, karoti za Redmere, nyanya za Nightingale, matunda ya nje yakawa ya Suntrail. Unasoma, unaona mzee mwenye kofia ya majani na mbwa wake. Majina hayo ni chapa za duka lenyewe. Chama cha wakulima, NFU, kilipeleka malalamiko kwa wasimamizi wa biashara Julai mwaka huo. Baadaye chapa ya Everyday Value ikaondolewa, na makopo na biskuti navyo vikabatizwa: Stockwell, Hearty Food, Ms Molly's. Nimesikia watu wetu wakisifu, wakisema angalau sasa mtu haaibiki. Siwezi kuungana nao. Mlaji aliyeaibishwa miaka 20 alistahili ukweli, akapewa uongo wenye picha ya shamba. Tulitaka paa la behewa. Wametuchorea paa kwenye kioo.

Na mashamba ya kweli yako wapi? Mengine yako kwetu. Chukua kisanduku cha maharagwe mabichi, mishiri kama wanavyoiita wakulima wa Mwea kule Kirinyaga. Yanachumwa kwa mkono, yanakimbizwa Nairobi, yanachambuliwa, yanapangwa kama viberiti, yanabandikwa lebo ya supamaketi ya Uingereza kabla hayajapanda ndege. Kwa miaka mingi sharti lilikuwa yakatwe ncha zote mbili yaenee urefu wa kisanduku, na kilichokatwa, chakula kizima kabisa, kikabaki upande wa mkulima kama hasara yake. Tesco baadaye ilikubali ikatwe ncha moja tu. Ncha moja! Mkulima amepindwa mgongo kwa sababu ya sentimita za plastiki, na jina lake halipo popote kwenye lebo, ila neno Kenya kwa herufi ndogo.

Chai ni hivyo hivyo. Majani yetu yanaingia humu nchini kwa wingi kuliko ya nchi nyingine yoyote. Julai 2021 serikali ya Kenya iliweka bei ya chini mnadani Mombasa kwa chai ya wakulima wa shirika la chai la KTDA, dola 2.43 kwa kilo. Kilo moja inatoa zaidi ya vikombe 300. Chai ya bei ya chini kabisa ilipopanda asilimia 46 kwenye rafu za Uingereza, mimi sijakutana na mchuma chai wa Kericho au Murang'a aliyeniambia malipo yake yamepanda asilimia 46. Dada wa Likoni alilipa zaidi kwa majani yaliyotoka kwao, na aliyeyachuma hakuona tofauti.

Msidhani supamaketi zinabanwa na soko kiasi cha kutojiweza. Januari 2016 msimamizi wa kanuni za biashara ya vyakula, Christine Tacon, alikuta kwamba Tesco ilikuwa ikichelewesha kwa makusudi fedha za wasambazaji wake ili kupamba hesabu zake yenyewe. Haikutozwa hata peni moja, kwa sababu makosa yalifanyika kabla hajapewa mamlaka ya kutoza faini. Hawa ndio tunaowaamini kwamba daraja la chini wameliweka kwa kutuonea imani.

Na nyumbani msilale. Nakumatt walikuwa na chapa yao, Blue Label, kabla hawajaanguka na kuwaacha wasambazaji na ankara mikononi. Carrefour, walewale wa pakiti nyeupe za 1976, wako Nairobi tangu 2016 chini ya Majid Al Futtaim ya Dubai. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni hiyo faini ya Sh1.1 bilioni kwa kutumia vibaya nguvu zake dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta na mmoja wa asali. Kampuni ikakata rufaa. Duka linalomiliki rafu, linalopanga bei, na sasa linalouza mali yake kando ya mali ya mpinzani wake, ni refa aliyevaa jezi. Leo wanawabana wenye asali. Kesho watauza asali yao wenyewe kwa madaraja matatu, na mama wa Kisauni atajifunza kuficha ya chini chini ya sukumawiki. Bado kuna muda wa kulizuia hilo, kama Mamlaka itaendelea kusimama.

Ninachokitaka hapa Uingereza hakihitaji tume wala kongamano. Kila kampuni yenye bidhaa za bei ya chini iziweke katika kila duka lenye jina lake, hasa lile la kando ya kituo cha basi. Jina la kiwanda liandikwe kwenye kila pakiti, kama linavyoandikwa la mwenye leseni kwenye boksi la dawa. Bei ya kilo iandikwe kwa herufi kubwa kama bei ya pakiti, mzee asihitaji miwani kuisoma. Na lebo ya chini ivishwe nguo kama nyingine. Hawana sababu hata moja ya kukataa hili la mwisho isipokuwa ile aliyoitaja Dupuit.

Nanyi ndugu zangu, mliotapakaa Leicester, Reading, London na kwingineko, nina ombi dogo. Wiki hii ingieni kijiduka cha mtaani kwenu, mtafute nyanya za kopo za bei ya chini. Msipoziona, msinyamaze mkalipa. Mwiteni meneja, mumuulize kwa adabu kwa nini hazipo, na mkitoka muiandikie kampuni yake barua, kwa Kiingereza kizuri, na jina lenu chini. Mtu mmoja akiandika wataitupa. Tukiandika sote, kuna siku lori la asubuhi litashusha yale makopo kando ya kituo cha basi.